Fisi Aliyekataa Kushuka

— Hadithi inabisha hodi!
— Ipite ndani!
— Ina kwato nne na mkia mrefu!
— Ipite ndani!
— Nyuma yake kuna mwenye meno!
— Funga mlango!

Mlango umechelewa kufungwa. Basi sogeeni, mkae karibu karibu, tumsikilize aliyeingia.

Hapo kale wanyama nao walikuwa na likizo. Kima alipochoka kurukaruka, Kobe alipochoka kubeba nyumba yake, walikwenda kambini kwa Mama Sesa. Mama Sesa alikuwa farasi, mwekundu kama udongo, mwenye mgongo mpana kama kitanda. Aliwabeba wageni akawatembeza mbugani. Wakaona maua, wakaona maporomoko ya maji, wakaona korongo wakicheza ngoma. Nyuma yake alikimbia mwanawe, Sesa, kamba shingoni, mtoto ambaye miguu yake minne ilikuwa bado haijapatana. Na juu ya shingo ya farasi, akiwa ameshika nywele kwa vidole vyake vidogo, alikaa Nguchiro. Nguchiro ndiye aliyetandika. Nguchiro ndiye aliyejua njia. Nguchiro ndiye aliyeimba:

Kwatu, kwatu, twende tukaone,
Kwatu, kwatu, turudi tusimulie.

Asubuhi moja akaja Fisi. Akasimama langoni, mate yakimdondoka, to! to! to!

"Hodi wenyewe! Na mimi nataka likizo. Nimechoka."

"Umechoka na nini, Mzee Fisi?" Nguchiro akauliza.

"Nimechoka kutembea. Nataka kubebwa. Nipelekeni ng'ambo ya mto, kwenye mwamba wangu. Kule kuna upepo mzuri."

Alisema hivyo, lakini macho yake hayakumtazama Nguchiro. Yalimtazama Sesa. Yalishuka mpaka mapajani, yakapanda mpaka shingoni, yakatulia hapo.

Nguchiro akahisi manyoya ya mgongo yanamsimama. Akamwendea Nyati, mlinzi wa kambi, aliyekuwa amelala langoni akicheua.

"Mzee Nyati, mgeni huyu simpendi."

Nyati akafumbua jicho moja. "Amekosa nini?"

"Bado hajakosa."

"Basi mpandishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akafumba jicho, akaendelea kucheua.

Nguchiro akajaribu tena. "Sesa, mwanangu, leo baki hapa na Mzee Nyati."

"Abaki?" Fisi akadakia. "Mtoto mchanga hivi, abaki bila maziwa mchana kutwa? Mna roho gani nyinyi?"

"Kweli," Nyati akasema, macho yamefumbwa. "Mtoto hufuata ziwa."

Basi Nguchiro akatandika. Akaweka tandiko mgongoni, akapitisha mkanda wa ngozi tumboni, akavuta. Mama Sesa hakuupenda ule mkanda hata siku moja. Kila ulipomgusa alivuta pumzi, fuuu! Tumbo likajaa kama ngoma. Mkanda ukaonekana umekaza barabara. Fisi akapanda, akaingiza miguu katika vikanyagio, akajiweka sawa kama sultani.

Wakatoka. Kwatu, kwatu. Wakapita maua, Fisi hakutazama. Wakapita korongo, Fisi hakutazama. Alitazama nyuma tu, kule kambini, mpaka kambi ikapotea nyuma ya majani.

Wakafika kwenye kichuguu kikubwa. Hapo kila mgeni alishuka, kwa sababu hapo ndipo pumzi ya Mama Sesa ilipokuwa imeanza kumtoka, pshiii, tumbo limepungua, na mkanda unaning'inia. Hapo mkanda hufungwa mara ya pili. Nguchiro akasema kama alivyosema kila siku:

"Mgeni, shuka kidogo tukaze mkanda."

Fisi akacheka. "Hihihi-huuu!" Akainama, akaidaka kamba iliyokuwa shingoni mwa Sesa, akaizungusha mkononi mwake.

"Nishuke? Nishuke ili mkimbie? Ng'o! Sishuki!"

"Lakini mkanda, Mzee Fisi..."

"Mkanda kaa nao mwenyewe, we kijitu! Sikilizeni. Mama Sesa, ukiruka, namvuta huyu mtoto, namng'ata. Ukikimbia, namvuta, namng'ata. Mtanifikisha kwangu. Ndugu zangu wanahangaika na jua, wakipata mfupa wanagawana. Mimi nyama yangu inanibeba yenyewe mpaka mlangoni! Na sitamgawia mtu hata kwato."

Mama Sesa akamgeukia mwanawe. Sesa akalia, "Mama!" Fisi akaivuta kamba, kilio kikakatika.

"Tembea," Fisi akasema.

Mama Sesa akatembea.

Juu ya shingo, Nguchiro akaanza kupima mambo. Meno yake yalikuwa madogo, na ya Fisi yalivunja mifupa. Kambi ilikuwa mbali. Akawaza uongo wa kumwambia Fisi. Akawaza mwingine. Kila uongo aliouwaza aliona Fisi angeushtukia.

Ndipo akakumbuka kwamba alikuwa amesema kweli, na Fisi ameikataa.

"Loo," Nguchiro akajisemea moyoni. "Huyu ukimdanganya anazinduka. Ukimwambia kweli, anaziba masikio."

Lakini hatari ilikuwa bado ipo. Mkanda ulikuwa unalegea. Tandiko likipinduka hapa, nchi kavu, Fisi ataangukia miguu yake, na kamba ya Sesa iko mkononi mwake. Halikupaswa kupinduka hapa. Lilipaswa kungoja maji.

Nguchiro akalala kwenye sikio la Mama Sesa. "Mama," akanong'ona, "pumua polepole. Ukanyage kama unakanyaga mayai."

Kwatu... kwatu... Pumzi ikatoka kidogo, pshi. Tandiko likasogea kidogo, gere.

"Mbona nayumba?" Fisi akauliza.

"Mkanda umelegea, Mzee. Shuka tuukaze."

"Mwongo! Sishuki!"

Kwatu... kwatu... Wakateremka bondeni. Pshi. Gere. Fisi akaelemea kushoto. Nguchiro akahamia kulia, akaning'inia kwenye tandiko kwa uzito wake wote, nao ulikuwa uzito wa kibuyu kitupu.

"We mbona unaning'inia huko?"

"Naliegemea tandiko lisipinduke. Mkanda umelegea sana. Nakusihi, shuka."

"Angalia anavyonisihi! Anadhani mimi ni mtoto wa juzi. Sishuki!"

Kwatu... kwatu... Wakauona mto. Ulikuwa mpana, wa kahawia, na uliguruma, guuu. Pshi. Gere. Sasa Nguchiro aliweza kupitisha kichwa chake chote kati ya mkanda na tumbo la farasi. Akamtazama Sesa. Mtoto alikuwa akienda amenyamaza, macho makavu, ametega masikio kwa mamaye.

Njia iligawanyika ukingoni. Upande wa juu kulikuwa na mawe, maji yakifika magotini. Upande wa chini maji yalikuwa meusi, yakizunguka.

Nguchiro akavuta pumzi. Akasema kweli yake ya mwisho, na sauti ikamtetemeka, kwa kuwa Fisi akiamini hii moja tu, basi, mambo yamekwisha.

"Mzee Fisi, tupite juu, penye mawe. Huku chini maji ni marefu. Mtu akianguka hapa, hashiki chochote."

Fisi akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama Nguchiro, akamwona anatetemeka.

Akaikaza kamba mkononi.

"Mnh," akasema. "Mbona unatetemeka? Umeficha jamaa zako kwenye mawe yale, siyo? Wanirukie? Hihihi-huuu! Mimi ndiye Fisi bwana! Pita chini!"

"Mzee, tafadhali..."

"Chini!"

Mama Sesa akaingia majini. Chubwi. Maji yakafika magotini. Chubwi. Yakafika tumboni. Sesa akaingia nyuma yake, akaanza kuogelea, pua juu, kamba ikimvuta shingo. Maji yakafika kwenye tandiko.

"Mama," Nguchiro akasema, sasa kwa sauti kubwa, "pumua!"

Mama Sesa akatoa pumzi yote aliyoishikilia tangu kwenye kichuguu. PSHIIIII!

Gere. Geregere. Geregeregere, TUMBUKII!

Tandiko likapinduka, na Fisi akapinduka nalo. Miguu ikanasa kwenye vikanyagio, kichwa kikaingia majini, akaibuka, akazama, akaibuka. Mkono mmoja ulishika tandiko. Mkono wa pili ulishika kamba.

"Achia kamba!" Nguchiro akapiga kelele. "Achia ushike tandiko kwa mikono miwili, utapona!"

Hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Siachii nyama yangu!" Fisi akajibu, blu blu blu, na akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Kichwa cha Sesa kikazama.

Nguchiro hakungoja. Akaruka, akaikamata kamba kwa meno. Kre, kre, kre... Maji yakampiga usoni. Kre, kre... Kacha! Kamba ikakatika. Pua ya Sesa ikatokeza, akapiga chafya, akapiga miguu yote minne, na kwa mara ya kwanza ikapatana.

Nguchiro akaupanda mkanda. Kre, kre, kacha! Tandiko likamtoka Mama Sesa, likaenda na maji, na Fisi akaenda na tandiko.

"Nishikeeeni! Mimi ni mgeniii!"

Mto ukamzungusha, ukampindua, ukampitisha huku na kule, mpaka akapotelea kwenye kona.

Upande wa pili wa mto Mama Sesa alimlamba mwanawe kuanzia masikioni mpaka mkiani, kisha akaanza upya. Halafu akamlamba Nguchiro, ambaye hakupenda kulambwa, lakini siku hiyo alikaa kimya.

"Kaka yangu," Mama Sesa akasema, "ulimdanganya vizuri."

"Mimi?" Nguchiro akajikung'uta maji. "Neno gani la uongo nililosema?"

Mama Sesa akafikiri. Akafikiri mpaka walipofika kambini kwa njia ya mawe. Hakulipata.

Na Fisi? Mto ulimtupa mbali kule chini, kwenye mchanga. Wakati wa kuzungushwa, mkanda ulimviringika tumboni ukajifunga fundo, na tandiko likamkaa mgongoni, limenyooka vizuri kabisa. Akalala hapo akitapika maji. Jua likawaka. Ngozi iliyolowa ikianikwa juani hujikaza, nanyi mnajua. Ule mkanda uliokataliwa kukazwa, jua likaukaza mpaka Fisi akakosa pa kupumulia. Akavuta, haukutoka. Akaung'ata, hakuufikia.

Ndipo wakatokea ndugu zake, wamechoka na kuwinda, miguu inawauma. Wakamwona. Wakamzunguka. Mkubwa wao akalipapasa lile tandiko.

"Aaa, ndugu yetu! Na sisi tulikuwa tunakuita mchoyo! Kumbe umekwenda kututafutia kiti?"

"Si hivyo! Mimi..."

"Usione haya. Mtu wa watu wewe. Haya, nani anaanza?"

Akapanda mkubwa. Akapanda na mke wake. Watoto wakakaa nyuma, wakabanana, wakapiga vigelegele. Wakamtaka awapeleke kuona maua, akawapeleka. Wakataka kuona korongo, akawapeleka. Na kwa kuwa wote walipenda kukaa upande wa nyuma, mgongo wa Fisi ukashuka nyuma, ukabaki umeteremka hivyo mpaka leo. Mtazameni siku mkimwona, ila mtazameni kwa mbali.

Funzo lake ni hili, watoto, na mlishike sana: mdogo wako akikuambia kweli, usimwamini kabisa. Ukimwamini utashuka, mkanda utakazwa, utafika salama na miguu mikavu. Na ndugu zako, masikini, watakalia nini?

Ngano imeshukia hapa. Mwenye yake na aitandike.