Fisi na Uso wa Kwenye Beseni

Je, mmeshiba?

Itikieni: Tumbo limeshiba, masikio bado.

Basi sogeeni, niwapakulie.

Alikuwepo Sange, yule panya wa porini mwenye pua ndefu, mama wa watoto wengi. Alikuwepo na Fisi, mkubwa wa kijiji. Kila jioni Fisi alinusa hewa, halafu che-che, che-che, akachechemea hadi kwenye nyumba inayopakua. Na desturi ni desturi: mgeni akikukuta mkekani, unamkaribisha; mkubwa hunawa kwanza, na kabla hajanawa hakuna anayegusa chakula. Basi Fisi alinawa, akala, akafuta mdomo. Watoto wenye nyumba walikunywa maji wakalala.

Siku hiyo Sange alikuwa amebakiwa na unga wa mwisho. Alisonga ugali, akachemsha kunde kidogo, na kabla hajatua sufuria, che-che, che-che, hodi.

Sange alimkaribisha. Akaweka beseni la maji mlangoni, penye mwanga, akamweleza kwamba nyumba hii ina utaratibu wake: mtu mkubwa hanawi mpaka ajitazame majini, aseme yeye ni mtu wa namna gani, na uso wake ukubali. Watoto hawasumbuliwi, maana bado hawajawa watu wa namna yoyote.

Fisi alipenda kuitwa mkubwa. Akawapa mgongo, akainama. "Mimi ni mkarimu."

Harufu ya kunde ikamfikia puani. Mate yakadondoka: to. Maji yakatikisika, uso ukakunjamana.

"Uso umekataa, Mzee," alisema Sange. "Labda unajua mkarimu huwaachia watoto watangulie."

Fisi aliona aibu kukunjiwa uso na uso wake mwenyewe. Akasema watoto wanawe. Wakanawa kwa maji ya kata.

Akainama tena. "Mimi ni mtu wa kiasi."

To. Uso ukakunjamana.

"Umekataa tena, Mzee. Mtu wa kiasi hana haraka."

Fisi akasema basi watoto waanze. Nyuma yake: nyam, nyam.

"Mimi sina tamaa hata kidogo."

To, to, to.

"Hapo umeukasirisha kabisa, Mzee."

Fisi akajitazama, akajieleza. Mate yakadondoka, uso ukakataa. Na nyuma yake matonge yakashuka. Mwishowe harufu ikaisha. Mate yakakauka. Maji yakatulia, na ndani yake Fisi akaona uso mpole, mzuri, ambao hakuwahi kuuona.

"Umekubali," alinong'ona.

Akanawa vizuri, akageuka. Sufuria ilikuwa tupu. Watoto walikuwa wanalamba vidole.

Fisi akafungua mdomo, meno yote nje.

"Mzee," Sange alimwuliza taratibu, "ulisema wewe ni mtu wa namna gani?"

Fisi akafunga mdomo. Akashukuru kwa chakula, akaenda zake, che-che, che-che. Sasa kila nyumba kijijini ina beseni mlangoni. Fisi amekonda, lakini anaheshimika sana.

Hadithi yangu imefika chini ya sufuria, nimebaki na ukoko.

Funzo lake ni kwamba mtu asiguse chakula kabla ya kujitafakari. Ninyi mmeshakula, kwa hiyo mmechelewa. Chukueni majivu, msugue hiyo sufuria mpaka kila mmoja auone uso wake. Ukikunjamana, endelea kusugua.