Kwa Nini Vishikio vya Kwanza Hutoka Nyumbani

Hapo kale, watu wa milima ya Kirindo walipokuwa wakipikia vyungu vya udongo, hapakuwa na kishikio cha kufumwa katika jiko lolote. Mpishi alikunja majani mabichi ya mgomba, akabana nayo ukingo wa chungu, akakiteremsha mafigani upesi kabla majani hayajanyauka. Kila mwanamke alikuwa na makovu viganjani, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakati huo aliishi bibi mmoja, Namkunda, pamoja na mjukuu wake Nakiete, msichana wa miaka saba. Wazazi wa Nakiete walikuwa wameshuka kulima bonde la mbali, na wasingerudi mpaka mavuno. Chakula ghalani kilikuwa kinakaribia kwisha. Siku moja Bibi Namkunda alipika mtama na kunde, chakula cha siku mbili, na alipokuwa akiteremsha chungu, jani likapasuka. Angeweza kukiachia pale pale. Lakini mtoto alikuwa ameketi karibu na mafiga akisubiri kula, kwa hiyo bibi alikishikilia kwa mikono mitupu, akapiga hatua tatu, akakifikisha mbali naye. Ndipo kikamponyoka. Chungu kilivunjika, na chakula chote kikaishia majivuni.

Viganja vyake vilifura malengelenge. Hakuweza kushika jembe wala mwiko, hata kujifunga nguo hakuweza. Nakiete ndiye aliyemfunga nguo, na ndiye aliyemlisha.

Jirani yao, Namboje, alikuwa na watoto wanne na ghala dogo kama lao. Jioni ile alifika na chungu cha uji, akakitua mlangoni, akasema, "Mama, kuleni kingali moto," akaondoka. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi tena. Mwezi ukaisha, ukaandama mwingine, naye bado anakuja. Kila jioni Bibi Namkunda alimwambia asante, na kila jioni alihisi neno hilo limekuwa dogo kuliko jana.

Vidonda vilipofunga, ngozi mpya ilikuwa nyembamba mno. Hata jani lenye joto lilimtoa machozi. Asubuhi moja alitoka kuota jua, na aliporudi ndani alimkuta Nakiete amechuchumaa mafigani, majani mkononi, anataka kuteremsha chungu cha maji yanayotokota.

"Acha!" alipiga ukelele.

Mtoto aliruka nyuma, akaanza kulia. "Nilitaka shangazi Namboje apumzike leo tu, Bibi."

Bibi Namkunda alimvuta kwake, akavifungua vile viganja vidogo, akavitazama. Vilikuwa laini, havina kovu hata moja. Alikaa navyo mapajani muda mrefu. Kisha akainuka, akaitoa mbeleko kuukuu aliyombebea Nakiete mgongoni, na mama yake Nakiete kabla yake.

"Ichane," alisema. "Vipande vyembamba, vya upana wa kidole."

Wakafunga vijiti vinne vikawa fremu ya mraba, wakapachika vigingi vidogo pande zote. Vipande vya nguo vikavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vingine vikapitishwa katikati yake. Bibi alijua kazi ya kufuma, kwa kuwa alikuwa amefuma mikeka tangu ujana, ila vidole vyake havikuwa na nguvu. Nakiete alikuwa na vidole ila hakujua kazi. Wakakaa bega kwa bega. "Juu, chini. Juu, chini. Hapo umeruka, mama, rudi." Kishikio cha kwanza kilitoka kimepanuka upande mmoja kama sikio la mbuzi, wakakifumua. Siku ya nne walikuwa na viwili, vinene, vya kutosha kiganja.

Bibi Namkunda alivishika, akakamata chungu kilichokuwa motoni, akasubiri maumivu. Hayakuja. Alikiinua, akakitua, akakiinua tena bila sababu yoyote, huku Nakiete akirukaruka na kupiga makofi.

Lakini mbeleko ilikuwa imekwisha. Ilitosha jozi moja tu.

"Tutampelekea Namboje," alisema bibi.

Nakiete alivikumbatia kifuani. "Hapana! Wewe ndiye uliyeungua. Utapikia nini?"

"Twende kwanza. Ukifika kule ukaona vinafaa kubaki kwetu, tutarudi navyo."

Walimkuta Namboje jikoni kwake, akikunja majani tayari kuwaletea chakula chao. Aligeuka kuwapokea kwa mikono miwili, na Nakiete akaviona viganja vyake. Vilikuwa vimevimba, vina malengelenge mapya juu ya makovu ya juzi. Tangu mwezi uliopita mwanamke huyo alikuwa akipanda kilima na chungu cha moto kila jioni, ili uji usiwapoe.

Mtoto alisogea, akaweka kishikio kimoja katika kiganja cha kulia cha Namboje, na cha pili katika cha kushoto, akavifunga vidole vyake taratibu, kama alivyokuwa akimfanyia bibi yake.

Namboje alitaka kucheka, akalia. Jioni hiyo alikwenda kwenye kabati lake la miti, akatoa mbeleko yake mwenyewe, akawaambia wanawe, "Mfuateni Nakiete. Awaonyeshe kazi hii, na bibi yake naye apate vyake."

Na tangu siku hiyo, katika milima ya Kirindo, vishikio hufumwa na bibi na mjukuu wakiwa wameketi pamoja, na jozi ya kwanza ya mtoto haitumiki nyumbani kwao. Ikiisha kutolewa kwenye fremu, bibi humwuliza, "Nani alikulisha?" Mtoto huitaja nyumba, akatoka, akaipeleka huko jozi yake mwenyewe.