Maboksi ya Bosi Maeng

Jumatatu, tarehe kumi na tisa Januari. Theluji nyepesi ilianguka alfajiri, na jua lilipotoka mitaa ya mji wa Jeonju, Korea, ilikuwa imelowa tu kama sakafu iliyopigwa deki. Tak Boram alirudi kutoka sala ya alfajiri kanisani, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele ya kompyuta yake. Hakuwa na mwajiri. Alisanifu maboksi na vibandiko vya bidhaa nyumbani kwake, kwa wateja aliowatafuta mwenyewe, na siku hiyo alikuwa na jambo moja gumu: kumwambia mteja wake mkubwa kwamba muda unakwisha.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mzazi anayeogopa machozi ya mtoto leo, kesho huyamwaga ya kwake. Wengi hudhani methali hii ni ya wazazi peke yao. Boram hakuwa na mtoto. Alikuwa na wateja.

Mteja huyo mkubwa aliitwa Bosi Maeng, mkulima wa Sangju aliyekausha matunda ya persimoni na kuyauza kama zawadi za Seollal, sikukuu ya mwaka mpya. Mwaka huu alitaka maboksi mapya.

"Faili likinifikia Alhamisi," mchapaji, Mzee Gong, alimwambia Boram kwa simu asubuhi ile, "maboksi yatawahi magari ya vifurushi. Likifika Ijumaa, utafugia vifaranga humo."

"Naelewa, Mzee."

"Wewe unaelewa. Mteja wako je?"

"Nitamwambia."

"Mwaka jana pia ulisema utamwambia."

Mwaka jana Boram alikula Seollal kwa mama yake, mjini Namwon, huku kompyuta ikiwa katikati ya mabakuli ya supu, akibadilisha rangi za michoro ya wateja waliomtumia ujumbe. Mama yake alikwisha kumwonya: "Ukija nayo tena, nitaipakulia yenyewe, wewe ukae na njaa." Kwa hiyo Boram alimwahidi siku zote tatu za sikukuu, bila kazi. Kuitimiza ahadi hiyo alikutaka kuliko kitu kingine chochote.

Alianza kumwandikia Bosi Maeng kwamba mchoro uko tayari na kwamba Alhamisi ndiyo mwisho. Kisha akakumbuka mwenye duka la mikate aliyemhama kwa sababu aliambiwa asubiri siku moja. Akayafuta maneno ya Alhamisi. Badala yake akaandika, "Utazame kwa nafasi yako, Bosi."

Bosi Maeng akautazama kwa nafasi yake. Jumanne alitaka tunda liwe jekundu zaidi. Jumatano mke wake alisema sasa ni nyanya, rangi ikarudishwa. Alhamisi alitaka mlima nyuma ya tunda. Kila mara Boram alijibu, "Ndiyo, Bosi, hakuna shida." Ijumaa mchana mchoro ukakubaliwa kwa furaha kubwa, na Boram akampigia Mzee Gong.

"Mashine imejaa, binti," alisema mzee. "Hata mwanangu angekuja leo ningemrudisha."

Jumamosi alfajiri Boram alipiga magoti, akamwomba Mungu aulainishe moyo wa Bosi Maeng. Alipoinuka, aibu ilimshika. Alikuwa anamtuma Mungu akaseme neno ambalo yeye mwenyewe hakulisema. Sala ni njema, lakini haisemi kwa niaba ya mwenye ulimi. Alitoka nje ya kanisa akapiga simu.

Bosi Maeng alisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamisi?" aliuliza.

"Ndiyo, Bosi."

"Na mimi siku hiyo nahangaika na mlima."

"Ndiyo, Bosi."

"Acha kuniambia ndiyo. Ungesema leo ndiyo mwisho, mlima ningeuacha ulipo. Mimi ni mkulima, binti. Baridi ikija hainiulizi kama nina nafasi."

Maneno hayo yalimchoma Boram kama mwiba, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameogopa kilio ambacho kisingekuwapo, na sasa kilio kilikuwa cha wote wawili. Hata hivyo hakukata simu.

"Bosi, bado una maboksi meupe ya zamani ghalani, yasiyochapwa. Tuyafunge kwa vitambaa vya hariri, fundo juu, kama zawadi za harusi."

"Maboksi yote hayo? Nani atafunga?"

"Nitakuja mimi."

Alikwenda Sangju. Kazi zake nyingine mbili alimwachia msanifu mwenzake, na malipo yakaenda huko. Kwa wiki mbili alikaa kwenye sakafu ya ghala pamoja na mke wa Bosi Maeng na wanawake wawili majirani, wakifunga mafundo mpaka ncha za vidole zikapasuka. Siku moja machozi yalimshinda.

"Lilia pembeni, mwanangu," alisema mke wa Maeng. "Hariri inashika doa."

Gari la mwisho la vifurushi lilipoondoka, hakuna zawadi iliyobaki. Walikunywa chai ghalani, kila mtu amechoka na ameridhika. Hapo Bosi Maeng akakohoa kidogo.

"Binti, kuna kibandiko cha siki ya persimoni. Nitumie hata siku ya pili ya Seollal. Ni kitu kidogo tu."

"Ndiyo, Bosi" ilifika kwenye ncha ya ulimi wa Boram. Aliimeza pamoja na chai, akaweka kikombe chini.

"Hapana, Bosi. Siku hiyo nitakuwa kwa mama yangu."

Uso wa Bosi Maeng ulikunjamana. "Wasanifu wako wengi, unajua."

"Wapo, Bosi. Nikitaka nitakutajia wazuri."

Boram aliogopa, lakini hakulirudisha neno lake.

"Mtazameni alivyonuna," mke wa Maeng alisema. "Mwacheni. Huyu mimi nimemzoea, akinuna hula zaidi."

Majirani walicheka. Bosi Maeng alijitahidi asicheke, akashindwa. "Haya, lini basi?"

Boram alisimama, akawatazama wote.

"Mama, nanyi dada zangu, mnishuhudie mbele za Mungu. Siku ya kwanza ya kazi baada ya Seollal, kibandiko cha Bosi ndicho nitakachoanza nacho. Na tangu leo, kila kazi nitakayoipokea, nitataja siku yake ya mwisho papo hapo, mteja acheke au anune."

Hakika, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.