Binti Aliyekosa Yote

Usiku umeshakuwa mkubwa, mbwa wamenyamaza, na jiwe la kusagia linalia jikoni. Kru, kru, kru. Halafu likasimama.

Ndugu zangu, nyie mnaokaa karibu na mashine ya kusaga mtadhani jiwe likisimama ni raha, mtu kamaliza, anakwenda kulala. Si kwenye mji ule wa wafugaji. Kulikuwa na mama mmoja pale, mama kijana bado, kalala na kitoto kifuani, na jiwe liliposimama na moyo wake ulisimama, maana kibanda cha mama mkwe kilikuwa ukuta kwa ukuta na jiko, na mama mkwe alikuwa mtu wa kulala jicho moja, na asubuhi angeuliza mbele ya watu, unga uko wapi, huyo msichana wenu alikuwa anafanya nini na mafuta ya taa.

Basi akaamka, akajifunga kitoto, akaingia jikoni kwa kunyata. Akamkuta binti yake wa kwanza, wa darasa la saba, kapiga magoti nyuma ya jiwe, mtama uko palepale, daftari liko mapajani, na kibatari kakificha nyuma ya beseni ili mwanga usitoke nje. Mama alimsogeza kwa bega, akashika jiwe yeye, akaanza kusaga. Kru, kru, kru. Binti akarudisha macho kwenye daftari. Na tangu siku ile ikawa ndiyo njia yao, mama anasaga, binti anasoma, na mji mzima unasikia jiwe na kusema binti huyu ana bidii ya kusaga.

Mtaniuliza, kwa nini asisome mchana? Mchana upi, ndugu zangu? Alfajiri ni maji, kutoka kisimani ni shule, kutoka shule ni ndama, kutoka kwa ndama ni kuni, na kuni zikifika giza limefika nazo. Kaka yake alikuwa na mchana. Alikuwa na mchana, na viatu, na daftari lisilo na madoa ya mafuta, na akisema amechoka watu wanasema mwacheni apumzike, huyo ana masomo. Mtoto wa mwenye duka alikuwa na mchana na usiku vyote viwili, taa ya umeme na mwalimu wa tuisheni anayekunywa chai kwao. Binti wa mfugaji alikuwa na kile kipande cha usiku ambacho mama yake alikiiba kwa ajili yake.

Na kulikuwa na jambo jingine. Watu wa mji ule hawakuwa wenyeji pale. Walikuja na ng'ombe zamani kidogo, wakakaa pembeni, na wenyeji waliwaita watu wa mikia, kwa kuwa kila ukiwaona wanatembea nyuma ya mikia ya ng'ombe. Shuleni ikawa hivyo hivyo, watu wa mikia wakae nyuma, wananuka maziwa. Mwalimu wao hakuwa mkatili. Alikuwa kijana wa milimani, amechoka, darasa limejaa mpaka madirishani, na kila mwaka akiandika ripoti anaandika sentensi ileile, kwamba watoto wa wafugaji hawana mwamko wa elimu. Aliiandika bila chuki. Aliiandika kama mtu anavyoandika kwamba mwaka huu mvua ni haba.

Sasa baba. Baba naye hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa sababu tukishapata mtu mbaya kwenye hadithi sisi tunapumua, tunasema basi si mimi. Baba alikuwa na posa mkononi. Mchumba alitoka ukoo mzuri, ng'ombe walishaonyeshwa, na kulikuwa na njia ambayo ukoo wa baba uliijua tangu zamani. Ukimzuia binti asiende shule, mtendaji wa kijiji atakuja na mgambo. Ukimwacha afanye mtihani akafaulu, jina litasomwa, na usipompeleka sekondari mtendaji atakuja vilevile. Lakini binti akifanya mtihani akashindwa, nani atakuja? Hakuna atakayekuja. Kwa hiyo wazee hawakugombana na serikali hata kidogo. Walimwambia mama, na mama akamwambia binti: kosa. Ndiyo ilikuwa njia. Na ilikuwa ianzie kwenye mtihani wa majaribio, ili watu wazoee mapema na wa mwisho usimshtue mtu.

Maneno ya mabinti husemwa na mama, ndivyo walivyo. Mama yule alizunguka nayo siku nyingi, akifungua mdomo anaona uso wa mtoto, anafunga. Mwisho akasema usiku, huku anasaga, bila kumtazama.

"Kwenye ule mtihani wa majaribio, ukose."

Binti hakulia. Aliweka kidole kwenye daftari asipoteze mstari. "Nikose ngapi, mama?"

"Yote."

Alisema yote kwa sababu alikuwa na hofu, na mwenye hofu hajui kipimo, akiambiwa tia chumvi anamwaga mfuko. Binti akafikiri kidogo.

"Yote ni kazi, mama," akasema.

Mama hakuelewa. Aliendelea kusaga.

Mtihani ukafanyika. Mnaujua ule mtihani, majibu yamepangwa kwa herufi na mtoto anasiliba kwa penseli kiduara cha jibu analolitaka. Mwalimu alikuwa na kadi ngumu aliyoitoboa matundu penye majibu sahihi. Akiilaza juu ya karatasi ya mtoto, weusi unachungulia kwenye matundu, anahesabu, anaandika, anachukua nyingine. Alipolaza kadi juu ya karatasi ya binti wa mfugaji, matundu yote yalikuwa meupe. Akadhani kaigeuza. Akaitoa, akaitazama, akailaza tena. Meupe.

Siku ya kurudisha karatasi aliinyanyua mbele ya darasa zima, akasema hata mbuzi akipita na kwato zake juu ya karatasi hii atapata mawili matatu. Darasa lilicheka mpaka mtoto wa mwenye duka akafuta machozi. Binti alikuja mbele, akapokea karatasi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa nyumbani, akarudi nyuma. Na mwalimu akageuka ubaoni aendelee, chaki ikabaki hewani. Maana neno lake mwenyewe lilimrudia. Ni kweli, hata mbuzi angepata.

Mwalimu alikwenda kwa kina binti siku ya mnada wa ng'ombe, akijua baba hatakuwepo. Mama alikuwa anapepeta mtama, kitoto mgongoni, na mama mkwe kakaa kivulini karibu na zizi anasuka kamba. Mwalimu akaamkia, akapewa kigoda, akakikalia vibaya. Kisha akashusha sauti.

"Mama, binti yako nani kamfundisha kukosa?"

Mama aliweka ungo chini. Akaanza kusema yale yanayosemwa, kwamba mtoto ni mzito, kwamba sisi ni watu wa ng'ombe mwalimu, vichwa vyetu si vya vitabu.

"Usinirudishie maneno yangu," mwalimu akasema. "Shimo usilolijua hulikwepi, mama. Huyu kayakwepa yote. Lazima ajue lilipo kila moja."

Ndipo mama akaelewa ile *yote ni kazi*. Mtoto wake alikuwa amekaa na karatasi ile, akatafuta jibu la kweli swali kwa swali, akalipata, akaweka penseli pembeni yake. Kwa utii. Na badala ya kuogopa zaidi, mama alisikia uchovu tu, uchovu wa kuanzia miguuni, na uchovu ndio uliomfungua mdomo.

"Mwalimu, kwenye dawati lile la nyuma walishapita mabinti wengine wa kwetu. Hao uliwauliza?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Alikuwa anawakumbuka mmoja mmoja, ninaamini, na kila aliyemkumbuka alikuwa amemwandika kwenye ripoti kwamba hana mwamko.

Kisha akasema ataenda kwa mtendaji jioni ileile. Mama akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume asiye wa kwake, akamwambia haraka haraka, kabla woga haujamrudia, kwamba wakimchukua baba leo, kesho yeye atarudishwa kwao, na huyu wa mgongoni atamwacha, na binti ataozwa wiki hiyohiyo kwa hasira, na hapo mwalimu amwambie nani atakuwa amefaulu. Mwalimu akasema atamhamishia binti dawati la mbele, hilo ana mamlaka nalo. La nyumbani ni la nyumbani.

"Mtihani wenyewe unakuja, mama," akasema, akaondoka.

Sasa tuseme na sisi, ndugu zangu, maana hadithi ikiishia kwa watu wa mikia tutakwenda nyumbani tumeshiba.

Nani alimwangusha yule binti? Mtasema baba. Haya, ni baba. Lakini baba alifanikiwaje miaka yote ile, yeye na baba zake, bila mtu kushtuka? Alifanikiwa kwa sababu kule shuleni kulikuwa na mtu anayesubiri waanguke. Nyumbani wanasema kosa, wewe ni wa kike. Shuleni wanasema tulijua, wewe ni wa mikia. Mmoja ni chungu na mwingine ni kifuniko, na walifaana sawasawa, hakuna hata mvuke uliotoka. Yule mtoto wa mwenye duka angepata matundu meupe, shule ingesimama. Wangemwita baba yake, wangeuliza anaumwa, anaonewa, nani kamtisha. Wa mfugaji akipata meupe wanacheka. Kumbe kwetu sisi kuanguka kwa mtoto wa maskini ni habari isiyo na swali.

Na sisi tulioketi hapa tuna midomo ipi? Mara ngapi tumesema kabila fulani kichwa hawana, wao biashara tu, wao ngoma tu, wao ng'ombe tu? Mara ngapi umemwambia wa kike amka uoshe vyombo na wa kiume ukamfunika shuka? Mungu alipogawa akili hakuuliza mtoto huyu ni wa ukoo gani, kwao kuna taa au hakuna. Aligawa. Sisi ndio tunaokuja na kadi yetu yenye matundu, tunailaza juu ya watoto wa watu, na pasipoonekana kitu tunasema hamna kitu. Hatuulizi mtoto amebeba nini mpaka akafika kwenye karatasi ile. Hatuulizi kaambiwa nini usiku. Mimi naomba tuulize. Siombi kikubwa, nimechoka kuomba makubwa. Mtoto akianguka, kabla hujamcheka, uliza.

Lakini sijamaliza habari ya jiwe.

Usiku ule baba alirudi mnadani na furaha, akala, akalala. Mama akasubiri, akaingia jikoni, akashika jiwe. Alisaga muda mrefu kabla ya kusema.

"Mtihani wenyewe ukifika, andika unayoyajua."

"Yote?" binti akauliza.

"Yote."

"Na baba akiuliza?"

Mama alitafuta jibu kila mahali kichwani mwake, hakulipata, na bila kujua mikono yake ikaacha kusaga. Jiwe likanyamaza. Na katika ule ukimya wakasikia fimbo ikigusa kizingiti, na mama mkwe akainama, akaingia, akasimama juu yao. Kibatari kiko wazi. Daftari liko wazi. Hakukuwa na kitu cha kuficha tena wala mahali pa kukificha. Mama alikikumbatia kitoto kifuani na kuinamisha kichwa, akingoja.

"Mbona mnasimamisha jiwe?" bibi akasema. "Sauti ikikatika ndipo watu wanaamka."

Akaweka fimbo chini, akashuka kwa magoti yake mabovu, taratibu, huku anaguna.

"Jiwe hili nilikuja nalo mimi, nikiwa bibi harusi. Mnadhani sijui mkono ulio juu yake? Wa mtoto unakimbia. Wako unavuta. Tangu mvua za kwanza nasikia unavuta." Akamsogeza mkwe wake kwa bega, vilevile mama alivyomsogeza binti siku ile ya kwanza. "Toka. Nenda kamlaze huyo mtoto, yuko uchi wa mgongo."

Mama aliinuka nusu, akageuka. Alitaka kuuliza jambo moja tu, kwa nini anawasaidia, na bibi akaliona swali kabla halijatoka.

"Nyie mmeambiwa mkose," bibi akasema. "Mimi hata mtihani wa kukosa sikupewa."

Akakusanya mtama kwa kiganja, akashika jiwe, akaanza kusaga, na kweli, mkono wake ulikuwa mwingine kabisa, mzito, wa polepole, kama mtu anayetembea njia aliyoizoea. Kru. Kru. Binti alikuwa anamtazama, mdomo wazi.

"Soma," bibi akamwambia. "Wewe unajua, mama yako anajua, na mimi najua. Mtu mwingine simwambii."