Siku Ile Ipewe Jina la Nani?

Sogeeni karibu, nafasi ipo. Hadithi hii ina watu watatu waliofanya jambo moja, na mwanamke mmoja aliyeambiwa achague kati yao. Kazi yangu ni kusimulia. Kuchagua nitawaachia ninyi.

Katika milima ya kusini, kijiji cha Itandula, aliishi mwanamke aitwaye Subilaga. Mdogo wake wa kike, Tupokigwe, alijaliwa sikio la ajabu. Lugha ikipita mbele yake mara mbili, ya tatu anaijibu. Alikuwa mpishi misheni. Wajerumani walipokuwapo alijifunza Kijerumani, na wakati wa Vita Kuu, Waingereza walipoiteka misheni na kuifanya kambi, akajifunza Kiingereza hukohuko jikoni, akimenya viazi.

Kwenye kivuko cha Mto Lukwego alikaa Lupakisyo, mvushaji. Hakuwa mzaliwa wa Itandula, alihamia tu, hana mke wala ndugu. Lakini mto ule aliujua kama wewe unavyoijua nyumba yako gizani: wapi maji yanavuta, wapi yanadanganya.

Wa tatu alikuwa Gwamaka, mume wa Subilaga. Kipawa chake watu walikuwa wakikicheka, kwa maana kilikuwa ukaidi. Gwamaka akisema hapana, hata ng'ombe wake walikuwa wanajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Wajerumani waliporudi nyuma walikamata wanaume wa Itandula kuwa wapagazi. Gwamaka alifungwa kamba pamoja na wenzake, akatwishwa sanduku la risasi, akaondoka. Subilaga alibaki na mtoto mgongoni, hana habari. Waliofanikiwa kutoroka walisimulia kwamba njia nzima imejaa watu waliolala chini ya mizigo yao wasiamke tena.

Kisha siku moja wapagazi wakarudi. Si wote, lakini wengi. Walitokea upande wa mtoni wakiwa wamekonda, mabega yamechubuka, na Gwamaka alikuwa mbele. Ndipo kijiji kiliposikia kwamba Ulaya vita vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, na kwamba kule milimani watu waliendelea kubeba na kupigwa risasi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Mwaka ulipokaribia kutimia, misheni ilitangaza kwamba nchi nyingi za dunia zitanyamaza kwa pamoja, kuikumbuka siku ambayo bunduki zilizimwa Ulaya. Chifu Kapugi aliwaita watu awaeleze. Subilaga alisikiliza mpaka mwisho, akasimama.

"Chifu, siku yao ni ile bunduki zilipozimwa kwao. Sisi tulikuwa bado tunazika. Kwa nini tusikumbuke na ile yetu, siku mizigo ilipotuliwa?"

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Chifu akaitikia kwa kichwa taratibu, akifikiri.

"Vema. Tutapiga ngoma kila mwaka siku hiyo. Lakini siku isipokuwa na jina, wajukuu wetu wataichanganya na siku nyingine. Ichukue jina la mtu aliyeileta."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Huyu anataja Tupokigwe, yule Lupakisyo, wale waliokuwa wapagazi wanapiga kelele za Gwamaka. Chifu akainua mkono.

"Subilaga, wewe ndiye uliyelianzisha. Utataja wewe."

"Chifu, mmoja ni mume wangu! Na mwingine tumenyonya ziwa moja!"

"Nani hapa hana mtu wake? Nenda ukawaulize. Siku ya ngoma utatuambia."

Subilaga alitoka pale akiwa na hasira, lakini alipofika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Aligundua kwamba hajui. Aliyajua matokeo tu: mumewe amerudi. Ilivyokuwa hasa, hakuwahi kuuliza.

Alianza kwa mdogo wake. Tupokigwe alikuwa shambani anang'oa karanga, kwa kuwa misheni hawakumtaka tena.

"Nieleze tangu mwanzo," Subilaga alisema, akiinama kumsaidia. "Jifanye sijui kitu."

"Alikuja jikoni askari wa simu, dada. Anacheka na kulia kwa pamoja. Akanishika mkono, mkono wenyewe umejaa unga, akasema vita vimekwisha. Nikamuuliza, na Wajerumani na wapagazi walio ng'ambo ya mto je? Akasema waya umekatika, wataambiwa maji yakipungua. Mvua ndiyo kwanza zinaanza! Nikaacha chungu motoni nikatoka. Amri ilikuwa mtu asitoke kambini. Mlinzi aliniita, nikasikia anakoki bunduki, sikugeuka."

"Na kama ungekuwa umesikia vibaya?"

"Ndiyo maana nilikuwa nayarudia maneno njia nzima. Nikayageuza kwa Kijerumani, ili afisa wao asiseme hakuelewa. Lupakisyo hajui Kijerumani hata cha salamu, basi nikamfundisha maneno yale kwa tuni ya wimbo wetu wa kusagia, yasimtoke kichwani."

Subilaga akauliza, "Ulifanya vile kwa ajili ya watu wote wale?"

"Nisikudanganye, dada. Nilimfikiria shemeji. Wengine sikuwakumbuka." Tupokigwe alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Sing'ang'anii jina. Lakini likienda kwa mwanamume, baada ya miaka michache watu watasema habari ile ilisikiwa na mwanamume."

Kisha Subilaga alikwenda kivukoni akiwa na mkungu wa ndizi. Lupakisyo alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake anashona wavu kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulilala mapajani, hauinuki.

"Umekuja kuniuliza, au kuniambia jina nimelikosa, mama?" alisema. "Wale wawili ni watu wako. Mimi nina nani?"

"Nimekuja kukusikiliza."

Akamsogezea kigoda. "Mitumbwi yote askari walikuwa wameichoma. Mdogo wako alifika hapa anahema, akaniimbia yale maneno mpaka nikayashika. Nikachukua gogo kavu nikaingia nalo majini. Katikati mti mzima uliong'olewa na mafuriko ukanigonga, mkono ukavunjika. Nilinywa maji mengi. Nikatoka ng'ambo, nikatapika, na neno la mwisho likawa limepotea."

"Limepotea?"

"Kabisa! Nikakaa kwenye tope, naimba, nikifika pale nakwama. Naanza tena, nakwama. Nililia, mama, si kwa mkono, kwa neno. Mwishowe tuni yenyewe ikalivuta. Nikapanda mlima nikifuata alama za viatu vya Wajerumani. Afisa nilipomwimbia, alicheka kwanza. Kisha akauliza nani amenifundisha. Nikasema mwanamke wa jikoni. Akasema mimi mpelelezi wa Waingereza, nifungwe."

"Hukukata tamaa?"

"Niliendelea kuimba tu. Ningefanya nini kingine?" Aliweka wavu chini. "Mama, sitajifanya. Jina lile nalitaka. Sina mtoto. Nikifa, nani atalitamka jina langu? Wewe una mume, una mwana. Mimi nilikuwa na mto na mikono miwili, sasa mmoja umekufa."

Subilaga alirudi nyumbani. Kwa kweli alikuwa ameshaamua kumpa Lupakisyo. Lakini alibakiza mtu mmoja wa kumsikiliza.

Gwamaka alikuwa amepumzika kivulini, mchana, jembe liko kando. Tangu arudi alikuwa hajasimulia chochote, na Subilaga alikuwa hajamlazimisha.

"Baba Lusajo, siku ile ilikuwaje?"

Gwamaka alijiinua, akakaa vizuri.

"Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari," alisema hatimaye. "Tukamwona Lupakisyo anakuja, mkono unaning'inia, anaimba Kijerumani na kutuambia kwa lugha yetu kwamba vita vimekwisha. Wakamfunga. Afisa akaamuru tuendelee kupanda. Juu kulikuwa na Waingereza wanatungoja na bunduki zao, tunajua. Nikatua sanduku, nikalikalia."

"Akafanya nini?"

"Akaniwekea bastola hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Nikamwambia, bwana mkubwa, mtu huyu amesema vita vimekwisha, kwa hiyo mimi nimekwisha kubeba. Ukitaka kujua, tuma kitambaa cheupe uwaulize wale juu. Akaanza kuhesabu. Nikasikia sanduku la nyuma yangu likitua. Na lingine. Na mengine. Askari wake mwenyewe akashusha bunduki. Ndipo akatuma kitambaa. Wale juu nao wakauliza kwao, jibu likaja kwamba ni kweli."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeamini."

Gwamaka alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Sikuamini hata neno moja! Mama Lusajo, mangapi tulikwisha ambiwa? Lakini niliona mtu amefungwa kamba, mkono umevunjika, na bado anaimba. Nikasema moyoni, nifie hapahapa nimekaa." Alishika jembe. "Jina hilo usinipe. Nikiitwa kila mwaka, nitakumbuka kila mwaka. Wapo niliowaruka njiani ili mstari usisimame."

Subilaga akaona uamuzi wake wote umemwagika kama maji. Wapagazi waliokuwa na mumewe walimwambia wazi kwamba pasipo Gwamaka kukaa, wangepanda mlima ule na wimbo ungebaki wimbo. Je, umnyime mtu heshima kwa kuwa inamuumiza? Au umpe anayeitaka kwa kuwa anaitaka?

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Ngoma ilisimama katikati, na mpigaji ameshainua vijiti. Tupokigwe alisimama na wanawake, mikono kifuani. Lupakisyo alikuwa amevaa shuka safi na kuketi mbele kabisa, mgongo umenyooka. Gwamaka alikaa nyuma, karibu na njia ya kutokea.

"Kama sikio la Tupokigwe lisingekuwapo, kungekuwa na neno gani la kuvusha?" walisema wanawake.

"Na lisingevushwa, lingewafaa nini walio mlimani?" alijibu mzee mmoja.

"Lilivuka, likafungwa kamba!" wakapaza sauti wapagazi. "Gwamaka ndiye aliyelifungua!"

Chifu akainua mkono, uwanja ukatulia. "Subilaga, taja."

Alisimama. Aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu wakamtazama. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mimi nanyamaza hapo. Yupo aliyesikia, akaacha chungu motoni. Yupo aliyevuka, akaacha mkono wake mtoni. Yupo aliyekaa, ingawa hakuamini, na hataki akumbukwe. Mpigaji ngoma anangoja jina. Haya, ninyi mlioketi hapa: mngekuwa Subilaga, mngelitaja la nani?