Mkono Mmoja wa Kupanda Sale

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye haraka ya kujibu aumeze ulimi kwanza. Hadithi hii imeshavunja urafiki wa watu huko ilikotoka.

Katika mlima wa Kighonje walikuwapo ndugu watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja na kipaji chake. Nakiete, mkubwa wao, alisoma miti. Alikuwa na kekee nyembamba. Akiizungusha kwenye shina la mwerezi, hutoka kijiti mfano wa mrija wa soda, na mti haudhuriki. Katika kijiti hicho kuna pete, na kila pete humwambia kama mti ulishiba au ulilala njaa.

Mbonea, mtoto wa mjomba wao, alisoma tope. Juu mlimani kuna ziwa dogo, na tope la chini kabisa ndilo kongwe kuliko yote. Ndani yake vimebaki vichwa vya funza wa ziwani, vidogo kuliko punje ya chumvi. Wapo funza wapendao maji ya baridi na wapo wapendao ya vuguvugu. Mbonea akivitazama kwa hadubini, anakwambia maji yalikuwaje siku walipokufa.

Na Nanzia? Mdogo wake Nakiete hakusoma mti wala tope. Huyo alijaliwa hesabu na mdomo. Ukimletea mashahidi wawili wanaopingana, hali wala halali mpaka ajue nani kakosea na kwa nini. Mtu wa namna hiyo nyumbani ni karaha, lakini subirini.

Basi siku moja ikaja Tume ya serikali ya kuhifadhi mlima. Mkubwa wake alikuwa na jina, ila watu walimwita Bwana Tume, nami sioni sababu ya kumheshimu zaidi ya hapo. Alisimama mbele ya mkutano na kipaza sauti.

"Chemchemi yenu inakauka na kahawa inaungua," alisema. "Mmeuharibu mlima. Joto la hapa ni lilelile tangu dunia iumbwe. Kilichoongezeka ni ninyi. Mkishavuna, mnahama, mnashuka tambarare."

Watu wakainamisha vichwa. Nakiete akasimama.

"Nani kakwambia joto ni lilelile? Ulikuwepo?"

"Wewe ulikuwepo, mama?"

"Sikuwepo. Mlima ulikuwepo. Tutauuliza wenyewe."

Bwana Tume akacheka mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. Kesho yake akazungushia senyenge msitu na ziwa, na tangazo juu: hakuna kuingia.

Nakiete akaingia. Alitoboa mierezi mikongwe, mmoja baada ya mwingine, akavifunga vijiti ndani ya kilemba chake. Askari walipomkamata walimnyang'anya kekee, wakapekua mfuko, wakapekua viatu, kilemba wakakiacha. Alikaa mahabusu hadi mahindi mabichi yakakauka shambani kwake bila wa kuvuna. Hakukivua kilemba hata kwa kulala.

Mbonea naye akaingia. Alifunga mapipa matupu kwa kamba, akayafanya chelezo, akasukuma bomba refu mpaka chini ya tope. Wakati wa kulivuta, chelezo kikapinduka na bomba likazama. Maji ya ziwa lile ni baridi ya kukata pumzi. Mbonea alipiga mbizi, akakosa, akarudi tena, mwisho akaibuka amelikumbatia. Kifua kilichomshika siku ile hakijamwachia mpaka leo.

Nanzia hakuwa na senyenge ya kuvuka, kwa sababu alikuwa ndani tayari. Ndiyo, msishangae, alikuwa mwajiriwa wa Tume. Alipouliza kipimo gani kilichoonyesha kwamba joto ni lilelile, wakampa faili jingine la kushughulikia. Akauliza tena mbele ya wakubwa. Wakamwambia achague, kazi au kijiji. Alichukua mkoba wake na kikombe chake cha chai, akapanda mlima.

Wakakutana sebuleni kwa Nakiete, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Miti ilionyesha miaka mingi ya njaa mfululizo. Tope lilionyesha kipindi cha baridi kali. Lakini miti iliiweka njaa mbali sana nyuma, na tope, kwa makadirio ya Mbonea, liliiweka baridi kwenye nusu ya umbali huo.

"Tope lako limevurugika," Nakiete alisema. "Lilipozama lilichanganyika."

"Nilizama nalo mimi, dada. Mdomo wa bomba niliuziba kwa kiganja. Hesabu pete zako upya."

"Nimezihesabu. Pete moja, mwaka mmoja. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Ulifundishwa wapi?" Nanzia aliuliza.

"Unajua wapi. Ulaya."

"Kwenye theluji, ambako mti unalala mara moja kwa mwaka." Nanzia akaanza kucheka, na dada yake akatamani kumzaba kofi. "Bibi alikuwa na umri gani alipofariki?"

Mbonea akaziba kinywa asicheke. Hakuna mtoto wa ukoo ule asiyekijua kichekesho hicho. Wazee wa Kighonje huhesabu umri kwa mvua, na mvua za kule ni mbili kwa mwaka, masika na vuli. Bibi yao alijisifu kwa wageni kwamba ana mvua mia na sitini, na wageni walioelewa miaka waliondoka wakimwogopa.

"Huu mti wako ni bibi mtupu," Nanzia alisema. "Unakula masika, unalala, unakula vuli, unalala. Umetuhesabia mvua, dada, wewe ukaandika miaka."

Nakiete aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Alilala mahabusu kwa ajili ya vijiti vile! Alitoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka chai ikapoa. Kisha akarudi, akavuta taa, akahesabu upya. Njaa ya miti ikaangukia juu ya baridi ya tope.

Sasa ikawa hivi. Miti ilijua lini, lakini haikuweza kusema kama ilikosa mvua au joto. Tope lilijua baridi na joto, lakini halikuweza kutaja mwaka hasa, ila kukadiria tu. Nanzia akavilinganisha vyote viwili na vipimajoto vya miji ya jirani, ajue kila pete na kila funza ni sawa na joto kiasi gani. Halafu akaleta habari za namna hiyo kutoka milima mingine ya ukanda ule.

Siku ya baraza la ardhi, lililoitwa kuamua kama kijiji kihame, Nakiete ndiye aliyesema.

"Mababu zetu walilima hapa karne kwa karne. Joto lilishuka, likapanda kidogo, likashuka, na chemchemi haikukauka. Enzi za babu zetu wa juzi likaanza kupanda, na mpaka leo halijashuka. Bwana Tume, uko mlima katika ukanda huu ambao hakuna binadamu anayeishi. Nao umepanda joto vilevile. Ule nani kaupasha?"

Bwana Tume alipanga karatasi zake, akazipangua. Baraza likaamua: wana Kighonje hawahami, mradi mpaka wao wa juu uwe umesimikwa kwa mila yao kabla wapima ardhi hawajafika.

Mila yenyewe ni hii. Mpaka ni sale, ule mmea wa majani marefu. Sale la mpaka hupandwa na mkono mmoja tu, na mpaka hubeba jina la aliyepanda, vizazi na vizazi. Likipandwa na mikono miwili, huhesabiwa halikupandwa. Na Bwana Tume aliijua mila hiyo. Asubuhi ya kupanda alikuja na kiti chake, akaketi kuangalia.

Mwenyekiti wa kijiji akashika sale. "Limwendee aliyetuokoa," akasema, na hapo wakainuka watatu.

"Nililala na kinyesi cha panya," Nakiete alisema. "Bila pete mngekuwa mnasema 'hapo zamani' tu, na baraza halisikilizi 'hapo zamani'."

"Bila tope mngekuwa na miti yenye njaa isiyojulikana ya nini," Mbonea alisema, akakohoa. "Sikilizeni hiki kifua, kisha mnambie."

"Bila mimi mngefika barazani mkigombana," Nanzia alisema. "Na kazi sina."

"Wewe si uliwahi kula mshahara wa Tume?" mtu akapiga kelele.

"Na Nakiete si alikosea hesabu?" mwingine akajibu. Watu wakagawanyika, wakaanza kusukumana.

Nakiete akalikamata sale. Hapohapo Mbonea akalishika katikati, na Nanzia akalishika chini. Alitaka kuwaachia, Nakiete, alitaka kweli. Lakini kila alipolegeza vidole alimwona Bwana Tume kitini pake akitabasamu, na vidole vikakaza.

Mngurumo ukasikika bondeni. Magari ya wapima yalikuwa yanapanda. Bwana Tume akatazama saa yake.

Haya, wasikilizaji, shimo limechimbwa na mikono mitatu imeshika sale moja. Wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, simama. Usiniambie wapande wote, mpaka utakuwa batili na kijiji kitashuka. Usiniambie wapige kura, muda hakuna. Mkono wa nani ubaki, na wale wawili utawaambia nini machoni pao? Amua wewe, magari yameshapiga kona ya mwisho.