Fundi Makochi na Kikombe cha Asubuhi

Ndugu zangu, hebu nisikilizeni. Alikuwepo fundi makochi mmoja aliyevuta unga miaka tisa. Si unga wa ugali, mnaujua ninaousema.

Mkewe akampeleka kliniki. Kule akapewa mambo mawili: kikombe cha dawa ya kukata kiu ya unga, anywe kila asubuhi mbele ya muuguzi, na vikao vya ushauri kila Jumanne, ajifunze kuishi bila unga. Fundi akaona vikao ni soga tu. Akawa anakunywa dawa, kisha anarudi kijiweni kwa wale wale wavutaji wenzake. Mwezi haukuisha, akavuta. Mke akachanganyikiwa, dawa si anakunywa? Wakaanza upya, sasa kwa yote mawili, na miezi sita nyumba ikatulia.

Ikaingia Ramadhani. Fundi akaona haya kunywa kikombe mchana. Akamwendea imamu wa mtaa, akamuuliza afanyeje. Imamu akamwambia ajikaze, afunge kama wanaume wenzake. Akaacha dawa. Vikao hakukosa hata kimoja, na msikitini akasali safu ya mbele, watu wakampa mkono. Siku ya tatu arosto, yale mateso ya mwili uliozoea unga, ikamshika, mwili mzima unatetemeka. Siku ya tano alikutwa chooni hajitambui, sindano mkononi. Hospitali ilimrudisha kwa tabu.

Mke akaenda kwa imamu.

"Sheikh, mimi sielewi tena. Alishika dawa akaacha vikao, akaanguka. Kashika vikao akaacha dawa, kaanguka. Nimshikishe lipi?"

"Subira, mama. Ile dawa nayo ni ulevi tu."

"Muadhini wako ana kisukari. Anakula mchana ameze dawa zake, na wewe ndiye uliyemwambia mgonjwa ana ruhusa. Mume wangu naye alikuuliza. Yeye ulimwona nani?"

  

Sisi ndio tunaomchanganya yule mama. Tunamtaka achague moja. Kochi ni mbao au ni sponji? Muulizeni fundi, atawacheka. Dawa inautuliza mwili, vikao vinamfundisha mtu njia ya kupita asifike kijiweni. Na dua zetu zimsindikize kote kuwili, zisimzuie mlangoni.

Kesho asubuhi, na tumefunga, mtu kama huyo atapita mbele ya msikiti huu akienda kunywa kikombe chake. Mkimwona, msalimieni. Msimuulize kama amefunga.